Kompyuta za Umma Zikaguliwe Kila Wiki

Heshima ya ofisi ya umma hutegemea namna inavyotunza daftari zake. Mwananchi anayekwenda kuandikisha kizazi, kutafuta hati ya shamba aliloachiwa na wazee wake, au kudai malipo yake ya uzeeni, huamini kwamba jina lake litakutwa pale lilipoandikwa, na kwamba mkono wa mtu asiyehusika haukulifikia. Zamani amana hiyo ililindwa kwa kabati la chuma, kufuli na karani mwaminifu. Hivi leo kumbukumbu nyingi za aina hiyo zimo, au zimo njiani kuingia, katika kompyuta. Kabati limebadilika, amana ni ile ile. Lakini kufuli la kabati hili jipya lina tabia ambayo lile la chuma halikuwa nayo: laweza kuacha kufaa kitu bila ya mtu yeyote kuligusa.

Sababu yake si ya ajabu. Programu za kompyuta huandikwa na binadamu, na kazi ya binadamu haikosi kasoro. Kasoro moja yaweza kukaa miaka mingi bila ya kujulikana. Siku inapogunduliwa, wenye programu huandika marekebisho, ambayo wataalamu wetu huyaita masasisho, na kuyatangazia ulimwengu mzima. Tangazo hilo lina kheri na shari pamoja. Mwenye kuchukua hadhari huziba ufa wake siku ile ile. Na mwizi naye, ambaye jana hakujua ufa uko wapi, leo ameonyeshwa kwa kidole. Tangu saa hiyo, kila aliyechelewa amelala mlango wazi.

Tusidhani kuwa haya ni maneno ya kutishana. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya kasoro kubwa iliyokuwamo katika Windows. Siku 59 baadaye, yaani tarehe 12 Mei 2017, kirusi kilichopewa jina la WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, kikiyafunga mafaili ya watu na kudai fidia ili yafunguliwe. Huko Uingereza, angalau taasisi 80 kati ya 236 za Huduma ya Taifa ya Afya zilivurugikiwa na kazi, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufikia 19,000 ikavunjika. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo ilitoa ripoti yake mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, ikaeleza kuwa taasisi zilizopatwa zingeweza kujikinga kwa hatua zilizo nyepesi. Dawa ilikuwapo kwa karibu miezi miwili. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kama imekwisha kutumika.

Basi kuuliza ndiyo maudhui yetu ya leo, kwani wako watu wanaodhani kuwa kuuliza huko ni kazi ngumu au yenye gharama, na wala sivyo. Mifumo mingi ya kompyuta ina chombo cha kusimamia vifurushi vya programu, kinachotumiwa kwa kuandika amri fupi katika mstari, bila ya kubofya picha yoyote. Mfano ulio bora ni ule wa Debian, mradi wa mfumo wa Linux uliotangazwa na Ian Murdock tarehe 16 Agosti 1993. Chombo chake kiitwacho APT kilitoka rasmi pamoja na Debian 2.1 mwezi wa Machi 1999. Chombo hicho hicho ndicho kinachotumika katika Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Kwa hiyo ofisi yenye seva ya Debian au Ubuntu tayari inacho chombo hiki, na haihitaji kukinunua.

Utendaji wake unafanana na ule wa bohari iliyopangwa vizuri. Huko kwenye ghala kuu la mradi, kila kifurushi kimeandikwa katika orodha pamoja na nambari ya toleo lake na alama ya kukitambulisha. Orodha yenyewe imetiwa saini ya kidijitali. Kompyuta ya ofisi nayo ina daftari lake la vifurushi vyote vilivyowekwa kwa njia hiyo. Mtumishi anapoandika “apt update”, kompyuta huiendea orodha mpya, huikagua saini yake, kisha huilinganisha na daftari lake na kutaja idadi ya vifurushi vinavyongojea marekebisho. Akiandika “apt list --upgradable” huonyeshwa vifurushi hivyo kimoja kimoja, toleo alilo nalo na toleo lililotoka, na huweza kuona ni vipi vilivyotoka katika fungu la usalama.

Hapa pana jambo ambalo wakuu wa idara wanapaswa kulifahamu vyema, kwani limewatia wengi hofu isiyo na msingi. Amri mbili hizo hazibadilishi programu hata moja. Zinauliza tu. Kuweka marekebisho ni amri nyingine, “apt upgrade”, na kabla ya kuitoa mtumishi aweza kuandika “apt-get -s upgrade” ili aonyeshwe yatakayotendeka bila ya kutendeka. Wenye mifumo ya ukoo wa Red Hat huandika “dnf check-update”. Wenye Windows ya miaka hii huandika “winget upgrade” peke yake, wakapewa orodha. Na wenye kompyuta za Apple waliojiwekea Homebrew huandika “brew update” kisha “brew outdated”. Maneno yanatofautiana, swali ni moja: nimepitwa na nini?

Tunazijua hoja za wanaosita. Ya kwanza ni gharama ya intaneti, na kwetu sisi watu wa visiwa hoja hii si ya kupuuzwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na mawasiliano ya Tanzania na nchi jirani yakazorota. Ofisi yenye kompyuta hamsini, kila moja ikijipakulia marekebisho yale yale kutoka ng’ambo, inanunua maji yale yale mara hamsini. Lakini dawa ipo. Kompyuta moja ya ofisi yaweza kufanywa ghala dogo la karibu, kwa programu kama apt-cacher-ng isiyolipiwa chochote. Kifurushi hupakuliwa mara moja, na nyingine zote hukichukua hapo ndani. Wala hakuna haja ya kuogopa kwamba ghala hilo dogo litachezewa, kwa kuwa kila kompyuta hukagua saini na alama kama kawaida, na kifurushi kilichoguzwa hukataliwa.

Hoja ya pili ni kwamba marekebisho yenyewe yaweza kuharibu. Ni kweli. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike liliziangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa kufikia milioni 8.5, na safari za ndege zikasimama katika nchi nyingi. Kabla ya hapo, tarehe 29 Machi 2024, mtaalamu Andres Freund alitangaza kuwa amegundua mlango wa siri uliotiwa kwa makusudi katika programu ya xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliushtukia kwa kuona kuingia katika kompyuta yake kunachelewa kwa takriban nusu ya nukta moja ya saa. Hapo kilicho kipya ndicho kilichokuwa na sumu.

Hata hivyo mikasa hiyo miwili haifundishi kukaa bila ya kukagua. Inafundisha kukagua kabla ya kupokea. Matoleo yale mabaya ya xz yalikuwa yamekwisha kuingia katika matawi ya majaribio ya Debian, na hayakulifikia tawi lililo thabiti, ambalo ndilo lifaalo kazi za ofisi. Na ofisi inayoweka marekebisho kwanza katika kompyuta moja isiyobeba kazi ya wananchi, ikangoja siku moja au mbili, ndipo ikaendelea na nyingine, hujiepusha na balaa la zote kuanguka kwa pamoja. Kwa marekebisho ya usalama yaliyotangazwa kuwa ya hatari, muda huo wa kungoja ufupishwe uwe wa saa chache. Lakini hakuna awezaye kupima haya yote kama hajui hata ni vifurushi gani vimetoka.

Pamoja na kukisifu chombo hiki, ni wajibu wetu kueleza pale kinapokoma. Kwanza, kimya chake si uzima. Mfumo wa CentOS Linux 7 ulimalizika muda wake tarehe 30 Juni 2024. Kompyuta yenye mfumo huo yaweza kuulizwa kila asubuhi na kujibu kwamba haikupitwa na kitu, kwa kuwa huko ilikotoka hakuna tena anayeitengenezea kitu. Windows 10 nayo iliondolewa katika huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hivyo afisa anayeletewa taarifa kuwa “hakuna jipya” hana budi kuuliza swali la pili: mfumo huu utahudumiwa mpaka tarehe gani?

Pili, chombo hujua kile kilichopita mkononi mwake tu. Programu iliyoletwa na fundi katika kijisanduku cha kumbukumbu na kuwekwa kwa mkono haimo katika daftari. Kampuni ya Equifax ya Marekani iliona gharama ya kutojua kilichomo ndani ya nyumba yake. Kasoro ya programu iitwayo Apache Struts ilitangazwa mwezi wa Machi 2017 pamoja na marekebisho yake. Agizo la kurekebisha likatolewa ndani ya kampuni, lakini orodha ya waliotumiwa ilikuwa imepitwa na wakati, na upekuzi uliofanywa haukuiona programu hiyo pale ilipokuwa. Mwezi wa Mei wezi wakaingia, na habari za watu wapatao milioni 147 zikaibwa. Ona kwamba onyo lilikuwapo na agizo lilitoka. Kilichokosekana ni daftari sahihi na mtu aliyepewa dhamana kwa jina lake.

Tatu, kuweka marekebisho si mwisho wa kazi. Programu iliyokwisha kuanza huendelea na nakala ya zamani iliyomo katika kumbukumbu ya mashine mpaka iwashwe upya. Kiini cha mfumo kikibadilishwa, kompyuta nzima inahitaji kuzimwa na kuwashwa. Seva inayojivunia kutozimwa mwaka mzima, aghalabu ni seva iliyobeba kasoro za mwaka mzima.

Kwa maoni yetu, basi, mambo haya hayangoji bajeti kubwa wala mtaalamu wa kutoka nje. Kila idara iteue mtumishi mmoja, na msaidizi wake, ambaye dhamana hii imeandikwa katika majukumu yake ya kazi. Ichaguliwe siku moja ya wiki ambayo amri za ukaguzi zitatolewa katika kila kompyuta, na majibu yaandikwe: tarehe, vifurushi vilivyongojea, vilivyowekwa, vilivyoahirishwa na sababu ya kuahirishwa. Programu zilizowekwa kwa mkono ziandikwe katika ukurasa wao wenyewe, na tarehe ya mwisho wa huduma ya kila mfumo ionekane wazi. Ukurasa huo umfikie mkuu wa idara, naye autie saini. Mkuu hahitaji kujua kuandika amri hizo. Anahitaji kujua kuuliza kwa nini kifurushi cha usalama kimeahirishwa wiki tatu mfululizo.

Wala mzigo wote asitwishwe mtumishi mdogo. Atakayeomba saa moja ya kuzima seva usiku ili iwashwe upya, apewe. Atakayeomba kompyuta moja kuukuu kwa ajili ya majaribio, asipewe jibu la kwamba hilo si la dharura. Dhamana bila ya nyenzo ni lawama iliyowekwa akiba, na siku ya msiba itamwangukia mtu aliyekwisha kuonya.

Wananchi nao wana haki ya kuuliza. Mtu anapotakiwa kutoa jina, alama za vidole na namba yake ya simu katika dirisha la ofisi, si utovu wa adabu kutaka kujua kama kompyuta inayoyapokea hayo hukaguliwa, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Ofisi inayotenda wajibu wake itajibu kwa tarehe.

Nahodha mwenye akili hakingojei chombo chake kijae maji ndipo akumbuke kalafati. Hukitazama kikiwa kimepwelewa pwani, wakati ufa ungali uzi mwembamba na mafundi wako karibu. Kompyuta za umma zimebeba abiria wengi kuliko jahazi lolote lililopata kutia nanga katika bandari zetu, na kuzikagua ni kazi ya maneno machache na dakika chache kwa wiki. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na ukuta huu, ukianguka, hautakuwa wa idara peke yake.