Pia ya Newala na Bao Letu



Wazee wetu walifanya kazi mashambani pamoja na Wamakonde waliovuka bahari kuja visiwani. Leo twapenda kutaja jambo moja la kwao, Newala, lenye funzo kwetu.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alikaa Newala akiuliza habari za wenyeji. Aliandika hata michezo ya watoto, kama vile pia na kombeo. Mwaka 1908 habari hizo zikatoka kitabuni, huko Ujerumani, kwa Kijerumani. Mjukuu wa waliocheza akizitaka, ziko mbali naye.

Tena kitabu hakizungushi pia. Mchezo hukaa mkononi mwa mchezaji. Akifa bila kumfundisha mwenziwe, hubaki jina tu.

Nasi tunalo bao, mashimo 32 na kete 64. Wazee wajuao namua na mtaji wangalipo barazani. Basi karafuu zikishaanikwa, kila mwanachama na amkalishe kijana mmoja ubaoni, amfundishe tangu kete ya kwanza. Heshima ya mchezo ni kuchezwa.