ESR, CRP na "infeksheni kwenye damu": namna ya kuelewa vipimo vya maumivu yasiyoisha

Umetoka maabara na karatasi. Kuna herufi tatu, ESR au CRP, na pembeni kuna namba. Unaambiwa kwa haraka, "Una infeksheni kwenye damu," kisha unapewa antibiotiki na sindano ya maumivu. Baada ya wiki mbili viungo vinauma tena. Unarudi, unapimwa tena, unalipa tena.

Hali hii inawapata wengi katika makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, na majirani zetu wenyeji pia. Makala hii inaeleza vipimo hivyo vinapima nini, haviwezi kusema nini, na maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa au kuanza dawa za muda mrefu.

Uvimbe wa ndani ni nini?

Ukichomwa na mwiba, mahali pale panavimba, panapata joto na kuuma. Huo si ugonjwa mpya. Ni kinga ya mwili inafanya kazi: damu nyingi inafika pale, chembe nyeupe zinapambana na vijidudu, kidonda kinapona na uvimbe unaisha. Wahudumu wa afya huita hali hiyo inflamesheni.

Tatizo linakuja pale kinga isipotulia kwa wiki, miezi au miaka. Sababu zake ni nyingi:

- Vijidudu bado vimo mwilini: kifua kikuu (TB), brusela, VVU, homa ya ini aina ya B, au jino lililooza.
- Kinga inashambulia mwili wenyewe, kama katika baridi yabisi ya viungo au ugonjwa wa lupasi.
- Mambo ya kila siku yanachochea mwili: sigara, moshi wa kuni katika jiko lisilo na hewa, unene wa tumbo, kisukari kisichodhibitiwa.

Dalili zinaweza kuwa uchovu usioisha, homa za kuja na kuondoka, kukonda, upungufu wa damu, au viungo vinavyokakamaa asubuhi. Mara nyingi hakuna kitu cha kuona kwa nje, ndiyo maana tunapimwa damu.

ESR: damu inatuama kwa kasi gani?

Ukiacha jerikani ya maji ya mto, matope yanatuama chini polepole. ESR ni jambo kama hilo. Damu inawekwa kwenye mrija mwembamba uliosimama wima kwa saa 1. Kisha fundi wa maabara anaangalia chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Kipimo hiki ni cha zamani, kimetumika kwa zaidi ya miaka 100. Ni cha bei nafuu na hakihitaji mashine kubwa. Kama ulitibiwa Kongo au Burundi, karatasi yako huenda iliandikwa VS. Ni kipimo kilekile.

Kukiwa na uvimbe wa ndani, protini fulani zinaongezeka kwenye damu. Zinafanya chembe nyekundu zishikamane kama sarafu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Zikishikamana zinakuwa nzito, zinashuka haraka, na namba inapanda.

Lakini namba hiyo hupanda pia kwa sababu zisizo ugonjwa, hasa umri na ujauzito. Wanawake kwa kawaida wana namba ya juu kuliko wanaume. Upungufu wa damu nao unaipandisha. Kuna hesabu rahisi ambayo madaktari wengi hutumia kukadiria mwisho wa kawaida kwa mtu mzima:

- Mwanaume: umri gawanya kwa 2.
- Mwanamke: umri jumlisha 10, halafu gawanya kwa 2.

Tuseme mama wa miaka 50 amepata ESR ya 32. Kwake mwisho wa kawaida ni 60 gawanya kwa 2, yaani 30. Namba ya 32 iko juu kidogo sana. Kama hana homa, hajakonda na anajisikia vizuri, namba hiyo peke yake si sababu ya kumpa antibiotiki. Kijana wa miaka 24 akipata 90, hapo kuna jambo la kutafutwa.

Angalizo kwa familia zenye mtoto mwenye sikoseli, yaani selimundu: chembe zake haziwezi kushikamana vizuri kwa sababu ya umbo lake. ESR yake inaweza kuonekana ya chini hata akiwa mgonjwa sana. Mwambie mhudumu mapema kwamba mtoto ana sikoseli.

CRP: king'ora cha ini

CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapopata taarifa ya hatari. Iligunduliwa mwaka 1930 huko New York katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Inaanza kupanda ndani ya saa chache, inafika juu baada ya siku 2 hivi, na chanzo kikiondoka inashuka haraka: karibu nusu yake hupotea kila baada ya saa 19. ESR, kwa upande wake, hupanda taratibu na inaweza kubaki juu kwa wiki kadhaa hata baada ya mtu kupona.

Maabara nyingi huhesabu CRP chini ya 5 au chini ya 10 kuwa kawaida. Soma kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yako, kwa sababu maabara hazilingani. CRP iliyozidi 100 mara nyingi huashiria maambukizi makali ya bakteria. Ikiwa kati ya 10 na 40 inaweza kuwa mambo mengi, hata mafua ya kawaida.

Vipimo hivi viwili vinaweza kupingana. Mgonjwa wa lupasi, kwa mfano, anaweza kuwa na ESR ya juu huku CRP ikiwa kawaida. Hiyo haina maana kwamba maabara imekosea.

Namba haitaji jina la ugonjwa

Hili ndilo jambo kubwa la kukumbuka. ESR na CRP ni kama moshi unaouona kwa mbali. Unajua kuna kitu kinawaka, lakini hujui kama ni jiko la jirani, takataka zinazochomwa au nyumba inayoungua. Mtu akikuambia, "ESR yako iko juu, kwa hiyo una taifodi," au "una TB," au "una sumu kwenye damu," amesema zaidi ya kile kipimo kinachoweza kuonyesha. Vilevile namba ya kawaida haithibitishi kwamba huna ugonjwa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni maelezo yako na kuchunguzwa kwa mikono na macho ya mhudumu. Vipimo vinavyofuata vinategemea dalili:

- Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, jasho la usiku, kukonda: kupima makohozi kwa TB. Mashine ya GeneXpert inaonyesha pia kama vijidudu vimekuwa sugu kwa dawa ya rifampicini. Matibabu ya TB katika mpango wa serikali ni bure.
- Homa za kuja na kuondoka, maumivu ya mgongo na viungo, na unakunywa maziwa mabichi au unahudumia ng'ombe: uliza kuhusu brusela. Katika maeneo ya wafugaji ugonjwa huu hudhaniwa kuwa malaria kwa miezi. Matibabu yake ni dawa zaidi ya moja kwa wiki 6 au zaidi. Ukikatisha, unarudi. Chemsha maziwa kabla ya kunywa.
- Viungo vidogo vya mikono yote miwili vimevimba, na asubuhi vinakakamaa kwa zaidi ya nusu saa: inaweza kuwa baridi yabisi. Kuna kipimo kinachoitwa RF, lakini hata watu wazima wenye afya, wenye TB au wenye homa ya ini wanaweza kupata RF chanya.
- Mtoto ana homa na maumivu yanayohama kutoka goti hadi kifundo au kiwiko, baada ya kuumwa koo: asicheleweshwe. Homa ya baridi yabisi kwa watoto inaweza kuharibu vali za moyo.
- Uchovu na kukonda bila sababu inayojulikana: kipimo cha VVU, sukari, mkojo, na picha kamili ya damu. Hiyo ya mwisho huandikwa CBC hapa Uganda na NFS kwa Kifaransa.

Picha kamili ya damu inaonyesha chembe nyeupe na kiwango cha damu. Aina moja ya chembe nyeupe hupanda kwa minyoo, bilharzia au aleji. Uvimbe wa muda mrefu unaweza kupunguza damu kwa sababu mwili unaficha madini ya chuma na kushindwa kuyatumia. Mtu wa namna hiyo anahitaji chanzo kitibiwe. Mama mjamzito asiache vidonge vya chuma alivyopewa kliniki.

Hatari ya kutuliza moshi na kuacha moto

Kuna dawa zinazoshusha maumivu na namba kwa siku chache bila kugusa chanzo. Mgonjwa anafurahi, na ugonjwa unaendelea.

*Diklofenaki na ibuprofeni.* Zinasaidia kwa muda mfupi. Ukizitumia kwa wiki nyingi bila ufuatiliaji zinaweza kuleta vidonda vya tumbo vinavyotoka damu, kupandisha presha na kuharibu figo. Mjamzito asizitumie bila kuelekezwa na mhudumu.

*Prednisoloni na deksamethasoni.* Ni dawa zenye nguvu na zinaokoa maisha zikitumika vizuri. Lakini zinashusha kinga, zinapandisha sukari, zinadhoofisha mifupa, na zinaweza kuficha TB mpaka ienee. Kama umezitumia kwa zaidi ya wiki 3, usiziache ghafla. Mhudumu anapaswa kukupunguzia hatua kwa hatua.

*Dawa za mitishamba zinazoponya viungo kwa siku moja.* Katika nchi mbalimbali imegundulika kwamba baadhi ya unga unaouzwa kama dawa ya kienyeji umechanganywa na dawa za aina ya prednisoloni. Uso ukianza kuvimba na kuwa mviringo, mwambie mhudumu kila kitu unachotumia. Usione aibu.

*Antibiotiki bila chanzo kujulikana.* Hazitibu baridi yabisi wala lupasi, na zinasaidia vijidudu kuwa sugu.

Kufuatilia ugonjwa kwa vipimo

Kazi nzuri zaidi ya ESR na CRP ni kulinganisha. Namba moja inasema kidogo. Namba tatu za miezi tofauti zinaonyesha kama matibabu yanafanya kazi. Kwa hiyo:

1. Tunza karatasi zote za maabara, hata za Kongo, Burundi au Rwanda, ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na daftari lako la matibabu. Piga picha kwa simu kama unayo.
2. Andika tarehe, namba, na ulivyojisikia siku hiyo: mafua, jeraha, hedhi, ujauzito.
3. Jaribu kurudia kipimo kwenye maabara ileile.
4. Kama ulikuwa na homa au mafua siku ya kipimo na hakuna dalili za hatari, uliza kama kinaweza kurudiwa baada ya wiki chache.
5. Kurudia ESR kila siku 3 hakuna faida, kwa sababu inashuka polepole. Ni pesa inapotea.

Ukipewa methotreksati kwa baridi yabisi, inamezwa mara 1 kwa wiki, si kila siku. Inahitaji damu na ini vipimwe mara kwa mara, na haifai kwa mjamzito.

Uende wapi, na uulize nini?

Nchini Uganda, vituo vya afya vya serikali vilifuta malipo ya wagonjwa mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia hospitalini. Mkimbizi na mwenyeji wanatibiwa katika vituo hivyohivyo. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe au zungumza na VHT wa kijiji chako. Kituo cha ngazi ya III kinatakiwa kuwa na maabara. CRP na vipimo vya kinga mara nyingi hupatikana hospitali kubwa, kwa hiyo omba barua ya rufaa kabla ya kwenda kulipa kliniki ya binafsi. Kama hamwelewani lugha, omba mkalimani. Ni afadhali kusubiri kidogo kuliko kurudi nyumbani na dawa usizozielewa.

Maswali manne ya kuuliza:

- Kipimo hiki kinatafuta nini?
- Majibu yakiwa juu, hatua inayofuata ni ipi?
- Dawa hii inatibu chanzo au inatuliza maumivu?
- Nirudi lini, na nipimwe tena lini?

Kama swali la pili halina jibu, huenda kipimo chenyewe hakihitajiki leo.

Usisubiri majibu ya maabara, nenda kituoni mara moja ukiona:

- kupumua kwa shida au maumivu ya kifua;
- kukohoa damu, au kutapika damu;
- kinyesi cheusi kama lami;
- homa kali pamoja na kuchanganyikiwa au shingo kukaza;
- kiungo kimoja kimevimba ghafla, kina joto na huwezi kukikanyagia au kukikunja;
- maumivu makali ya kichwa na macho kupoteza uwezo wa kuona kwa mtu wa zaidi ya miaka 50.

Habari hizi ni za kukusaidia kuzungumza na mhudumu wa afya; hazichukui nafasi yake. Kama una jirani anayemeza prednisoloni au kuchomwa diklofenaki kila mwezi bila kuambiwa ugonjwa wake, msomee makala hii.