Je, Wajua? Hesabu Visiki

Je, wajua kuwa ukitazama mikoko kutoka mashuani unaweza kuapa kuwa msitu ni mzima, kumbe ndani umeshachambuliwa mti mmoja mmoja? Wakataji hufuata miti iliyonyooka. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo: kila unene una jina lake na mteja wake. Inayobaki ni iliyopinda, na kutoka angani yote ni kijani tu. Picha ya setilaiti itakuonyesha pale msitu ulipofyekwa wote. Pale ulipochambuliwa, sharti uvue viatu uingie topeni.

Je, wajua watafiti hufanya nini humo? Hufunga kamba kiwanja cha mita 10 kwa 10, wakahesabu miti, miche na visiki. Shina hupimwa kwenye kimo cha mita 1.3. Lakini ile aina ya mikoko iitwayo mkoko hasa husimama juu ya mizizi yake kama mtu aliyepanda magongo, kwa hiyo utepe huzungushwa sentimita 30 juu ya mzizi ulio juu kuliko yote. Tope liko magotini, ukichomoa mguu huu ule unazama, na maji yakianza kujaa kazi imekwisha kwa siku hiyo, iwe umemaliza au hukumaliza.

Je, wajua kwa nini visiki vina uzito kuliko yote? Mchu, aina nyingine ya mikoko, ukikatwa huchipua. Mkoko ukikatwa shina, ndiyo basi. Kisiki cha mkoko kisicho na mche kando yake ni nafasi iliyokwisha kupotea.

Je, wajua jinsi ya kuutambua mchu bila kitabu? Lamba jani lake. Mti huo huitoa chumvi kupitia majani, na jua likiwa kali utaona chembe zake ziking'aa.

Je, wajua kuwa mikoko huweza kufa bila kuguswa na shoka? Mizizi yake hupumulia juu ya tope. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilisomba udongo kutoka bara na kuumwaga katika hori la Mwache, karibu na Mombasa. Mizizi ikafunikwa, miti ikakosa hewa, ikakauka imesimama. Shamba lililoachwa wazi huko juu ya mto liliua msitu wa pwani, na anayetafuta mkosaji ufukweni peke yake hatampata. Gazi nako, kusini zaidi, mililana, nayo ni aina ya mikoko, imekauka matawi kwa wadudu wanaotoboa ndani ya mti.

Je, wajua kuwa delta ya Rufiji, yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, inaumwa na mpunga? Mikoko hufyekwa mahali ambapo maji baridi ya mto yanafika, mpunga ukapandwa. Baada ya miaka michache magugu na kaa huwashinda wakulima, nao wakahamia kipande kingine.

Je, wajua dunia ilipoteza mikoko kiasi gani? Kati ya 1980 na 2005, takribani hekta milioni 3.6, kwa hesabu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa.

Je, wajua kuwa Gazi mikoko iliyosimama huingiza fedha? Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unalinda hekta 117 na kuuza hati za kaboni, yaani za hewa ukaa inayohifadhiwa na miti. Fedha hizo zimeleta maji na kusaidia shule kijijini. Mimi huuona mpango huu kuwa wa haki: anayelinda msitu ndiye anayekunywa maji yake. Lakini mnunuzi halipii maneno. Wanakijiji hurudi kwenye viwanja vilevile, kwenye miti ileile, utepe mkononi, kupima unene umeongezeka kiasi gani na kama kuna kisiki ambacho mara iliyopita hakikuwapo.