Kutoka Kitabuni hadi Sinemani: Maoni ya Watazamaji kuhusu Filamu za The Lord of the Rings

Utangulizi

Uhusiano baina ya riwaya na filamu haujawahi kuwa wa chanda na pete. Riwaya ikishapendwa, kila msomaji huwa amekwisha kuziumba sura za wahusika, sauti zao na mandhari yao akilini mwake. Filamu inapotolewa humjia kama mgeni anayedai kuijua nyumba kuliko mwenyeji. Ndiyo maana maoni ya watazamaji kuhusu filamu za aina hii huwa makali, na mara nyingi hukinzana.

Makala haya yanajadili maoni hayo kwa kurejelea filamu tatu za The Lord of the Rings, zilizoelekezwa na Peter Jackson wa New Zealand na kutolewa mwaka wa 2001, 2002 na 2003. Filamu hizo zilitokana na riwaya ya kifantasia ya J.R.R. Tolkien, iliyochapishwa Uingereza kwa majuzuu matatu kati ya 1954 na 1955. Hoja kuu ya makala ni kwamba wasomaji waliozitazama hawakuudhiwa hasa na wingi wa matukio yaliyoachwa. Waliudhika pale ambapo badiliko, hata liwe dogo, liligusa kile walichokiona kuwa kiini cha mhusika au cha hadithi nzima. Kwa hivyo, anayetaka kuyaelewa maoni ya watazamaji hana budi kuuliza si nini kilichoachwa tu, bali pia kilichoachwa kilikuwa kimebeba nini.

Kwa ufupi, riwaya inamhusu Frodo, mmoja wa mahobiti, yaani watu wafupi wapendao amani wanaoishi katika nchi ya Shire. Frodo anarithi pete yenye nguvu za ajabu, iliyofuliwa na mtawala mwovu aitwaye Sauron. Pete hiyo humpa mtu uwezo mkubwa lakini humwoza moyo. Njia pekee ya kuiangamiza ni kuirudisha Mordor, katika mlima wa moto ilikofuliwa. Frodo anaifunga safari hiyo pamoja na mtumishi na rafiki yake, Sam, huku wafalme na majeshi wakipigana vita kwingineko.

Upeo wa matarajio

Katika nadharia ya upokezi, Hans Robert Jauss alieleza mwaka wa 1967 kwamba msomaji haikabili kazi ya fasihi akiwa mtupu. Huikabili akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozisoma awali na mazingira anamoishi. Naye Wolfgang Iser alisisitiza kwamba matini huwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza mwenyewe. Mawazo haya mawili yanafaa sana kuieleza hali ya anayeitazama filamu baada ya kuisoma riwaya. Upeo wa matarajio yake umejengwa na riwaya yenyewe, na mapengo aliyoyajaza kwa miaka mingi yanajazwa upya na mtu mwingine mbele ya macho yake.

Tolkien mwenyewe alikuwa amelitambua tatizo hili. Katika insha yake kuhusu hadithi za kimiujiza, iliyotokana na mhadhara alioutoa mwaka wa 1939, alidai kwamba fantasia hufaa zaidi kuelezwa kwa maneno kuliko kuonyeshwa. Neno humwachia kila msikilizaji nafasi ya kuumba mlima au mto wake, ilhali picha humlazimisha kuupokea mmoja tu.

Jackson alilipunguza tatizo hilo kwa njia ya busara. Aliwaajiri Alan Lee na John Howe, wachoraji ambao kwa miaka mingi walikuwa wameichorea kazi ya Tolkien picha za vitabu na kalenda, ili wabuni mandhari ya filamu. Kwa hivyo, wasomaji wengi walipoiona Shire, au mapango ya Moria, walikutana na kitu kilichokaribiana na walichokuwa nacho akilini. Mandhari ya New Zealand, muziki wa Howard Shore na uigizaji wa Andy Serkis katika nafasi ya Gollum vilisifiwa hata na wengi wa waliokuwa na malalamiko mengine. Filamu ya tatu ilijinyakulia tuzo 11 za Oscar mwaka wa 2004, ikawa sawa na Ben-Hur na Titanic kwa idadi ya tuzo. Haiwezekani basi kusema kwamba filamu hizi zilikataliwa. Mzozo uliozuka ulikuwa baina ya watu waliozipenda, kila mmoja kwa namna yake.

Hali hii ilijitokeza pia katika utafiti wa kimataifa ulioongozwa na Martin Barker kutoka Aberystwyth, Wales, filamu ya tatu ilipotolewa. Watafiti walikusanya karibu hojaji 25,000 kupitia nchi 20. Pamoja na maswali mengine, watazamaji waliombwa kuchagua maneno yanayoieleza vyema hadithi waliyoiona: je, ni utendi, ni vita kati ya wema na uovu, ni safari ya kiroho, ni hadithi ya nchi ya nyumbani iliyo hatarini, au ni filamu ya maajabu ya kiteknolojia? Swali hilo lina maana kubwa kwa mhakiki. Linaonyesha kwamba watu wawili waliokaa viti vya jirani katika ukumbi mmoja wanaweza kuwa wametazama hadithi mbili. Aliyetazama vita hataliona pengo lile lile linalomsikitisha aliyetazama safari ya kiroho.

Yaliyoachwa yakasamehewa

Mfano unaotajwa sana ni wa Tom Bombadil, mzee wa msituni apendaye kuimba, ambaye pete haina nguvu yoyote juu yake. Katika riwaya, anawaokoa mahobiti mwanzoni mwa safari yao. Katika filamu hayupo kabisa. Wapo wasomaji waliomlilia, na wapo wanaomlilia hadi leo. Hata hivyo, wengi walikubali kwamba msuko wa filamu ungeweza kusimama bila yeye. Filamu ya kwanza ilikuwa na urefu wa karibu saa tatu, na mhusika asiyeisukuma safari mbele angeichelewesha zaidi. Jambo la muhimu ni kwamba kutokuwepo kwake hakukumfanya mhusika mwingine yeyote kuwa mtu tofauti.

Tukio la pili lina utata zaidi. Katika riwaya, mahobiti wanarudi nyumbani baada ya vita na kuikuta Shire imeharibiwa: miti imekatwa, wenyeji wananyanyaswa, na aliye nyuma ya uharibifu huo ni Saruman, mchawi aliyeshindwa vitani. Inawabidi waikomboe nchi yao wenyewe. Katika utangulizi wa toleo la pili la riwaya, Tolkien alisema kwamba sehemu hiyo ni muhimu katika msuko na kwamba aliikusudia tangu mwanzo. Katika filamu, mahobiti wanarudi na kuikuta Shire ilivyokuwa. Wanaketi kilabuni wakitazamana kimya, huku majirani wakiendelea na vinywaji vyao.

Watazamaji waligawanyika hapa. Baadhi yao walisema kwamba filamu imeliondoa funzo zito kuliko yote, kwamba vita havina uzio na kwamba hakuna kijiji kinachobaki salama ulimwengu unapoungua. Wengine walitetea ukimya ule wa kilabuni. Waliona ndani yake upweke wa askari anayerudi kwa watu wasioweza kuyaelewa aliyoyapitia, jambo ambalo Tolkien, aliyepigana katika vita vya Somme mwaka wa 1916, alilifahamu vyema. Waliosamehe walifanya hivyo kwa sababu waliona kwamba tukio limeondoka lakini sehemu ya maana yake imebaki.

Yaliyobadilishwa yakazua mzozo

Mambo yalikuwa tofauti kabisa kuhusu Faramir. Katika riwaya, kamanda huyu anamkamata Frodo na kugundua kwamba anayo pete. Ndugu yake, Boromir, alikuwa ametekwa na tamaa ya pete hiyo hiyo. Faramir anaikataa. Anasema kwamba hangeiokota hata kama angeikuta imetupwa njiani, na anamwachilia Frodo aendelee na safari. Katika filamu ya pili, Faramir anaamua kuipeleka pete kwa baba yake. Anawaswaga mahobiti hadi mji wa Osgiliath, na ni baadaye tu anapobadili nia na kuwaachilia.

Waandishi wa filamu walikuwa na sababu zao. Walieleza kwamba baada ya kuwaonyesha watazamaji kwa muda mrefu jinsi pete inavyoweza kumshinda kila mtu, mhusika anayeikataa bila taabu angeifanya hatari hiyo ionekane ndogo. Aidha, pambano la Frodo na buibui mkubwa lilikuwa limehamishiwa filamu ya tatu, kwa hivyo filamu ya pili ilihitaji kilele kingine. Kwa upande wa ufundi wa tamthilia, hoja hizo zina mashiko. Watazamaji wasioisoma riwaya walimwona Faramir kuwa mtu anayepambana na nafsi yake na kushinda, na wengi walimpenda kwa hilo.

Lakini kwa wasomaji, Faramir alikuwa ushahidi kwamba binadamu wa kawaida anaweza kukataa kuwa na nguvu zisizo na mpaka. Badiliko lile halikuondoa hata mhusika mmoja, na mwishowe Frodo aliachiliwa vilevile. Hata hivyo, lilizua malalamiko mengi, kwa kuwa lilimgusa mtu mwenyewe badala ya kuligusa tukio.

Hali kadhalika, katika filamu ya tatu Gollum anamhadaa Frodo, naye Frodo anamfukuza Sam wakiwa katika ngazi za mlima mpakani mwa Mordor. Katika riwaya hamfukuzi kamwe. Kwa wasomaji wengi, uaminifu wa wawili hao ndio uti wa mgongo wa safari, na kuutia ufa, hata kwa dakika chache, kulikuwa sawa na kuupinda uti huo.

Mfano mwingine ni wa kivuko cha mto katika filamu ya kwanza. Wasomaji walilalamika kwamba Glorfindel ameondolewa na nafasi yake kupewa Arwen, binti wa Elrond. Wengine walifurahi kumwona mwanamke akipewa ushujaa katika hadithi iliyojaa wanaume. Mabishano yaliegemea sana majina hayo mawili, ilhali aliyepoteza zaidi alikuwa Frodo. Katika riwaya, Frodo aliyejeruhiwa yuko peke yake juu ya farasi, anawageukia wapandafarasi tisa wa Sauron na kuwakaidi kwa sauti inayofifia. Katika filamu amebebwa kama mzigo, na maneno ya ukaidi yanatamkwa na Arwen.

Hadithi ni ya nani?

Nyuma ya mabishano haya kuna swali la umiliki. Tolkien aliiuza haki ya kutengeneza filamu kwa kampuni ya United Artists mwaka wa 1969, akafariki mwaka wa 1973. Lakini mapema zaidi, mwaka wa 1958, alikuwa amepelekewa muswada wa filamu iliyokusudiwa kutengenezwa na akauhakiki kwa ukali. Alilalamika kwamba mwandishi wake amependelea mapigano na kutotambua kiini cha kazi kilipo, yaani safari ya wabeba pete. Alipendekeza kwamba ikiwa nafasi haitoshi, afadhali vita vya ngome ya Hornburg viondolewe kuliko kuwaharibu Ents, wale viumbe wanaofanana na miti. Ni kinaya kwamba katika filamu ya pili ya Jackson, vita hivyo ndivyo vilivyofanywa kilele, na ndivyo watazamaji wengi wanavyovikumbuka zaidi.

Mwanawe, Christopher Tolkien, aliyeishughulikia miswada ya babake kwa miongo mingi, aliliambia gazeti la Le Monde mwaka wa 2012 kwamba filamu hizo ziliutoa utumbo wa kitabu na kukifanya kuwa hadithi ya mapigano kwa vijana. Christopher alifariki mwaka wa 2020 bila kubadilisha msimamo huo hadharani. Kwa upande mwingine, wapo wasomaji wengi waliokijua kitabu kwanza kupitia filamu hizo hizo. Uchungu wa mwana na shukrani ya msomaji mpya vyote ni ukweli, na mhakiki hapaswi kukitumia kimoja kukifuta kingine.

Hitimisho

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatayashangaa haya. Fanani huibadilisha ngano kulingana na hadhira yake: hufupisha, huongeza, hubadili mahali na nyimbo. Hadhira humruhusu. Lakini akimfanya Sungura kuwa mjinga, hadhira itamkatiza, kwa kuwa amevuka mpaka ambao haukuandikwa popote lakini unajulikana na wote.

Mjadala huu unaihusu pia fasihi ya Kiswahili, yenye kazi za kimiujiza zinazongoja sinema. Tuseme mwelekezi aichukue Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka wa 1952. Anaweza kuifupisha safari ya mji wa mawe, na wasomaji wakanung'unika kisha wakasamehe. Lakini Adili, anayelazimika kuwapiga kila usiku nduguze waliogeuzwa manyani, akionyeshwa akiufurahia mjeledi, hadithi itakuwa imekufa hata kama kila tukio lingine limehifadhiwa. Watakaoisimamia kazi kama hiyo, wawe waandishi, waelekezi au wahakiki, watahitaji kukitambua kiini hicho kabla ya kamera kuwashwa, kwa kuwa baada ya hapo watazamaji ndio watakaowaonyesha kilipokuwa.