Nani Ahakiki Habari za Ngoro?

Kwenye miteremko mikali ya Umatengo, wilayani Mbinga, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba. Wanawake huzifukia kwa udongo, katikati yakabaki mashimo, ndiyo ngoro, yanayozuia maji ya mvua yasibebe shamba. Ngoro hizo zilichunguzwa miaka ya 1990 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. Makala ya kitaaluma kuhusu uchunguzi kama huo, kabla ya kuchapwa, mhariri huipeleka kwa wajuzi wengine wa fani hiyo, mara nyingi bila majina kutajwa, wapime mbinu na hoja. Ni chujio zuri. Lakini mhakiki wa ng'ambo atajuaje kama kazi ya mke na mume imeelezwa sawasawa?

Kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania (COSTECH) hutolewa kabla ya kazi, si baada ya kuandika. Kwa hiyo rasimu isomwe kwanza Mbinga, kwa Kiswahili. Wapo watakaosema mkulima hawezi kuhakiki takwimu. Kweli, wala haombwi. Aseme tu kama alichonukuliwa ndicho alichosema. Akitaka kufuta yanayomkera, pingamizi lake lichapwe kando ya matokeo, uamuzi ubaki kwa mhariri.