Mbwa Aliyeogopa Kanzu

Nimekwisha kuandika juu ya ngoma, juu ya mashairi, juu ya majahazi na milango ya kuchonga. Sikudhani hata siku moja kwamba nitakaa kitako niandike juu ya mbwa. Lakini mja hana hiari na yanayomfika. Kisa hiki kimenifika mimi mwenyewe, nikiwa na kanzu yangu mwilini na kofia yangu kichwani, nimesimamishwa katika kiwanja cha watu kule Kisauni mfano wa sanamu la kutishia ndege shambani.

Aliyenisimamisha ni mtu niliyesoma naye chuoni. Tulikaa jamvi moja, tukala bakora za maalim mmoja, tukahitimu mwaka mmoja. Jina lake amenikataza kulitaja, basi nitamwita Sahibu. Mimi nilishika kalamu. Yeye akapata kazi ya kuongoza mbwa wa ulinzi usiku. Aliifanya miaka mingi, kisha akaiacha akajitegemea. Kazi yake sasa ni kwenda katika nyumba za watu wenye mbwa walioharibika tabia. Yuko mbwa aumaye wageni, yuko abwekaye usiku kucha, yuko atafunaye milango kila bwana wake akitoka, na yuko amngurumiaye hata anayemlisha, akimkaribia kwenye sahani. Sahibu huitwa kuwatengeneza hao.

Watoto wa mtaani humwita Baba Mbwa. Watu wazima hawamwiti hivyo, lakini barazani kikombe chake cha kahawa hutengwa peke yake. Nimeliona hilo mara nyingi, nami nikanyamaza. Naliungama leo mbele yako, msomaji.

Siku moja alinipigia simu. "Yakhe, una nafasi alasiri? Nina kazi yataka mtu wa kanzu. Mimi mwenyewe hanifai, keshanizoea."

MJANE NA MBWA WAKE

Mwenye mbwa ni mama mmoja mjane, mwenye duka dogo mbele ya nyumba. Wezi walimvunjia mara mbili katika mwaka mmoja, na mara ya pili walimfunga mikono. Ndipo nduguye akamletea mbwa, jibwa jekundu la kienyeji, akalipa jina la Simba. "Ndugu yangu," aliniambia akiwa nyuma ya pazia la mlango, "usinione mimi ni mfuga mbwa. Mimi ni mtu niliyeibiwa."

Simba alifungwa mnyororo karibu na lango mchana kutwa, akafunguliwa usiku. Wezi hawakurudi. Lakini siku moja mnyororo ulikatika saa kumi na moja jioni, naye akatoka akamuuma mguuni mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akitoka chuoni.

Alhamdulillahi, mjane yule hakupoteza wakati. Alilikosha jeraha kwa maji ya mfereji na sabuni muda wa dakika 15, kisha akampeleka mtoto hospitali akaanzishiwa sindano za kinga. Hili nalirudia kwa kuwa kwetu bado wako wanaopaka pilipili au mafuta wakangoja. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina dawa. Mgonjwa huwa ni wa kufa. Na karibu watu wote wanaokipata duniani hukipata kwa mbwa. Maji, sabuni na sindano ya mapema ndiyo hirizi yake, hakuna nyingine.

Mbwa naye akawekwa chini ya uangalizi siku 10, kwani mbwa mwenye kichaa kilichokwisha kufika mateni hapiti siku hizo akabaki mzima. Simba alipita. Daktari wa mifugo akamtazama meno, masikio na viungo, kwa kuwa mbwa mwenye maumivu huuma. Hakumwona na ugonjwa. Lakini wazee wa mtaa walikuwa wamekwisha kutoa kauli: mwezi mmoja, na kama mbwa hajabadilika, atauawa. Mjane hakubisha. Alichosema ni hiki tu: "Na mimi je, usiku nitalala vipi?"

Hapo ndipo alipoitwa Sahibu.

SOMO LA MAWE

Siku mbili za mwanzo Sahibu hakumgusa mbwa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbali, akatazama. "Mbwa hana ulimi wa kusema," aliniambia, "mwili wake ndio ulimi. Akilamba midomo na hapana chakula, akipiga miayo na hana usingizi, akigeuza uso na jicho likakutazama kwa pembeni hata weupe ukaonekana, huyo asema: ondoka, naogopa. Usipomsikia, hukauka mwili mzima. Kisha hunguruma. Usipomsikia tena, huuma. Watu husema mbwa aliuma ghafla. Mara nyingi si ghafla. Alisema sana, hakusikizwa."

Akaniambia neno jingine ambalo mimi sikulitarajia. Mbwa akinguruma, asipigwe. Anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kuacha kunguruma, lakini hofu yake hubaki ndani vilevile. Siku ya pili huuma bila ya kutoa ilani. "Ni kama mtu avunjaye kengele ya moto, kisha akashangaa nyumba kuungua," alisema.

Katika kutazama kule Sahibu aliona jambo. Asubuhi Simba hulala. Wapita njia wa suruali, akina mama wa buibui, bodaboda, wote hawamshughulishi. Inapofika saa kumi na moja kasorobo, kabla hata mtu hajatokea, husimama akaanza kutetemeka. Saa kumi na moja kamili watoto wa chuo hutoka, kanzu nyeupe na kofia. Mmoja huburura fimbo juu ya lango la mabati, wa pili hurusha jiwe, wa tatu hucheka. Mbwa yumo mnyororoni, hana pa kukimbilia. Hivyo kila jioni, mwaka mzima.

Yuko mwanachuoni wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya usagaji wa chakula tumboni. Katika kazi yake hiyo aliona kwamba mbwa wake walitokwa na mate kabla ya chakula kufika, kwa kuona au kusikia tu kile kilichozoea kukitangulia. Mbwa alikuwa amefunga fundo baina ya vitu viwili. Basi Simba naye alifungiwa fundo na watoto wetu: kanzu ikitokea, jiwe lafuata. Hakumchukia yule mtoto aliyemuuma. Pengine hakumjua hata kidogo. Aliiogopa kanzu.

Na sababu ya pili ilimtangulia hiyo. Mtoto wa mbwa ana majuma machache ya kuujua ulimwengu, tangu juma la tatu hata kiasi cha la kumi na mbili au la kumi na nne. Watafiti wawili wa Marekani, Scott na Fuller, waliyaeleza hayo katika kitabu chao cha mwaka 1965. Alichokutana nacho kwa wema katika majuma hayo hukiona ni cha kawaida. Asichokutana nacho huja kukiogopa. Simba majuma hayo aliyamaliza ndani ya banda.

KANZU YANGU KAZINI

Dawa aliyoitumia Sahibu ni kulifungua fundo lile na kulifunga upya. Mimi nilisimama hatua 40, nyuma ya kona. Akiniashiria, natokea. Nikishaonekana, yeye humrushia Simba kipande cha mapupu ya kuchemsha, kimoja, na kingine, na kingine. Nikirudi nyuma ya kona, mapupu hukatika. Kanzu kwanza, nyama baadaye. Akisisitiza sana juu ya mpango huo, kwani ukianza kwa nyama ndipo kanzu itokee, mbwa atakuja kuiogopa hata nyama.

Tulifanya hivyo dakika 10 kila siku. Simba akitulia, nasogea hatua mbili. Akikaza mwili, narudi nyuma. Mbwa mwenyewe alifungwa kwa kamba madhubuti na kuvishwa kikapu cha mdomo chenye nafasi ya kupitisha chakula. "Mtu asiwekwe rehani kwa ajili ya somo la mbwa," alisema Sahibu.

Siku ya sita nilikuwa nimefika hatua 28, na moyoni nimeanza kujiona fundi. Kiatu kikanivuka. Nikainama kukiokota.

Simba aliruka hata kamba ikalia. Macho yamemtoka, povu limemjaa kwenye kikapu. Sahibu akanipigia kelele: "Simama! Rudi nyuma polepole!" Nikarudi, miguu ikinitetemeka. Nilipofika kwenye kona nikaketi chini.

Alinifuata baadaye. Hakuniuliza kitu. Nikamwambia mwenyewe: "Amedhani naokota jiwe."

"Ndiyo," akajibu. "Nasi tuliyaokota mangapi, mimi na wewe?"

Hakika tuliyaokota. Njia yetu ya chuoni ilipita karibu na jaa, na palikuwa na jike moja jeusi lenye watoto. Tulishindana nani atampata kichwani. Sikumbuki kwamba maalim alituamrisha, wala sikumbuki kwamba alitukataza. Tulijua tu kwamba mbwa ni najisi, tukadhani basi kumpiga ni thawabu.

Siku ya saba tulianza tena kwenye hatua 40.

NAJISI SI UADUI

Hapa najua wako wasomaji wanaotaka kuniuliza juu ya twahara. Sahibu hakupuuza dini. Ana nguo zake za kazi zisizoingia chumba anachosalia, ana ndoo yake na kopo la mchanga safi. Mate ya mbwa yakimpata, huosha mara saba, mojawapo kwa mchanga, kama tulivyofundishwa sisi watu wa madhehebu ya Shafi. Kikavu kikigusa kikavu, haambukizwi. Ndugu zetu wa Maliki wao humwona mbwa aliye hai kuwa twahara, lakini Sahibu hajakimbilia huko ili apate wepesi.

Tulisoma pamoja kwamba mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wametolewa katika katazo la kufuga, na wako wanavyuoni walioilinganisha na hayo nyumba inayohitaji kulindwa. Katika Suratul Maida wametajwa wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na windo lao likahalalishwa. Maana yake kumfunza mbwa si ufundi wa kuletwa juzi. Na katika Suratul Kahf mbwa wa wale vijana ametajwa pamoja nao, amelala mlangoni pa pango. Na hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, akasamehewa madhambi, nani kwetu asiyeijua? Sisi sote tunaijua. Kuijua si kazi.

Juma la pili Sahibu alimwendea maalim wa kile chuo. Maalim alimpokea kwa salamu, lakini mkono hakumpa. Sahibu akamweleza habari ya fimbo, mabati na mawe, na mtoto aliyeumwa. Maalim akainamisha kichwa kitambo, kisha akasema: "Nitawatandika."

"La, maalim, nakuomba," akajibu Sahibu. "Anayepigwa kwa ajili ya mbwa atakwenda kumlipiza mbwa. Wasomeshe tu."

Jioni yake maalim aliifunga sabaki mapema, akawasomea watoto hadithi ya kisima na kuwafasiria neno kwa neno. Kisha akawaagiza wapite upande wa pili wa barabara. Kesho yake saa kumi na moja fimbo haikulia kwenye mabati. Wala kesho kutwa.

MWISHO WA MWEZI

Sitaki kukudanganya, msomaji, kwamba Simba amekuwa mwana-kondoo. Sahibu mwenyewe haahidi hivyo kwa mtu yeyote. "Aliyeuma mara moja huchungwa maisha yake yote," ndilo neno lake. Mnyororo umeondolewa. Nyuma ya nyumba pamezungushiwa ua wa waya, mbwa akakaa huko mchana, haoni njia wala haonekani. Mjane amefunzwa kuusoma mwili wake, na kila akija mgeni hufunga komeo kwanza. Sahibu husema kwamba kumfunza mbwa ni robo ya kazi yake. Robo tatu ni kumfunza mwenye mbwa, na jirani zake.

Siku wazee walipokuja kutazama, nilitokea kwenye kona na kanzu yangu nikaenda hata hatua 10. Nikasimama. Kisha, moyo ukinipiga, nikainama nikagusa ardhi. Simba akanyanyua masikio, akanitazama, halafu akageuza kichwa akamtazama Sahibu, akingoja mapupu yake. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema, "Basi naishi." Mjane alikuwa nyuma ya pazia, nilimsikia akipenga kamasi.

Usiku ule baada ya Isha tulikuwa barazani. Muuza kahawa akamtengea Sahibu kikombe chake kama kawaida. Alipokwisha kunywa nilikichukua, nikaomba nitiliwe humohumo, nikanywa. Hapana aliyesema neno. Sahibu alitazama upande wa bahari. Mimi nilikwenda nyumbani nikaandika beti hili moja, nalo ndilo nililo nalo la kumpa:

Simfugi mwangu ndani, wala sitomkumbata,
Ila jiwe mkononi, tangu leo naliwata,
Mwenye roho duniani, maji ataka kupata,
Kumtesa kuna nini, ila dhambi kuokota?