Una Uzamifu? Haya, Tuonyeshe Takwimu Zako

Mtoto akipata shahada ya uzamifu na kuanza kuitwa Daktari, wazazi wengi huona safari imekwisha. Mbuzi huchinjwa, jamaa hutoka mashambani kwa matatu ya kukodi, na kila mtu hungoja kusikia kazi kubwa. Kumbe kwa anayetaka kuwa mtafiti, kuna mlango mwingine wa kubisha.

Mlango huo ni nafasi ya utafiti ya baada ya uzamifu. Ni kandarasi, aghalabu ya miaka 2 au 3, ambapo daktari huyo mpya hufanya kazi chini ya mtafiti mkongwe na kuandika makala hadi jina lake lijulikane. Humu nchini, watafiti wa kiwango hicho hupatikana katika vituo kama kile cha KEMRI na Wellcome Trust kule Kilifi, kilichoanzishwa 1989. Iwe ni malaria, lishe au uhamiaji, sharti moja halikosekani sana katika matangazo ya kazi hizo: ujuzi thabiti wa takwimu.

Kwa nini? Huko huko Kilifi, kati ya 1993 na 1995, watafiti walitaka kujua kama vyandarua vilivyotiwa dawa vingeokoa watoto. Maeneo yalichaguliwa kwa kura. Mengine yakapewa vyandarua, mengine yakangoja. Matokeo yaliyochapishwa 1996 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 59 vilipungua kwa asilimia 33.

Asilimia hiyo haikupatikana kwa kuhesabu vidole, jamani. Watoto wa kijiji kimoja huumwa na mbu wa dimbwi moja na hukimbizwa katika zahanati moja. Ukiwahesabu kana kwamba hawana uhusiano wowote, utajidai kuwa na uhakika usio nao, na serikali itamwaga mamilioni mahali pasipofaa. Na familia iliyohama katikati ya utafiti je, iwekwe upande gani? Mtu wa kubonyeza tarakilishi tu hawezi kujibu maswali hayo.

Ubaya ni kwamba wanafunzi wetu wengi hukariri fomula za takwimu muhula mmoja, wakapita mtihani na kuzisahau. Tasnifu ikifika, humlipa mtu awachambulie data. Kwa maoni yangu, huko ni kununua cheti na kumwachia mwingine ujuzi. Siku ya mahojiano, ukiwekewa mbele orodha yenye mzee wa miaka 200 na mwanamume aliyejifungua, utampigia nani simu?

Wala kisingizio cha fedha hakipo. Programu ya R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, katika miaka ya 1990, hutolewa bure. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuanza nayo leo kwa kuandika bei ya unga katika maduka ya mtaani kwao, wiki baada ya wiki.